Notere Anataka Mama Mmoja

Mtu wa kwanza kuniuliza kama mimi ni hai au nimekufa alikuwa notere wa mji wetu, yule wa kuthibitisha karatasi za watu, na aliniuliza bila kucheka, kalamu mkononi.

"Mama, hii karatasi inasema mama ya mutoto iko hai. Baba ya mutoto, kule Bulaya, anasema mama alikufa zamani. Weye njo nani kati ya hao wawili?"

Nikamjibu kwamba mimi ni wote wawili. Nilisema kweli tupu, na kweli hiyo ndiyo iliyonitia taabu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kalemie. Watoto wa darasa la tano wakisikia viatu vyangu barazani wananyamaza wenyewe, bila mimi kufungua mdomo. Hasira zangu ziko karibu, hilo silifichi, na nikiulizwa jambo la wazi ninaona kama nimetukanwa. Sasa fikiri mwanamke kama mimi amekaa kwenye benchi la biro ya notere, ofisini kwake, tangu asubuhi, jasho linamtoka, kisha anaulizwa kama yeye ni maiti. Nilitaka kusimama niende zangu. Sikwenda, kwa sababu ya binti aliyekuwa amekaa pembeni yangu akitafuna kucha.

Binti huyo alizaliwa na dada yangu. Dada alikufa mtoto akiwa bado hajajua kutambaa. Baba yake, yaani shemeji yangu, alikwenda kutafuta maisha, akapita nchi hii na nchi ile mpaka akafika Bulaya, na miaka yote hiyo mtoto alimjua kwa sauti, baadaye kwa sura ndogo kwenye simu. Ndipo shemeji akapata ruhusa ya kumwita mwanawe akaishi naye. Ruhusa ilikuwa na mpaka mmoja: dosie, yaani faili lake, iingie ubalozini kabla binti hajatimiza miaka kumi na minane. Siku akivuka umri huo, mlango unafungwa, na baba na mwana watabaki kuonana kwenye kioo cha simu mpaka Mungu apende. Binti alikuwa na miaka kumi na saba, na sikukuu yake ya kuzaliwa ilikuwa inakuja mbio.

Ubalozi ulitaka karatasi mbili kutoka kwetu: cheti cha kuzaliwa, na idhini ya mama kwamba anakubali mtoto aondoke. Zote mbili zithibitishwe na notere hapa, zipelekwe Kinshasa zikapigwe kashe nyingine, yaani muhuri, kwenye wizara, ndipo wakubwa wa ubalozi wazitazame. Nikasema moyoni, basi, kazi gani hiyo? Cheti ninacho sandukuni na mama ni mimi.

Cheti chenyewe kilianza kunitia aibu siku ya kwanza kabisa. Tangu ziwa lilipopanda likaingia kwenye nyumba za watu huku chini, kila mtu Kalemie anavisha karatasi zake plastiki. Tuliona diploma za watu zinaelea kama majani ya muhogo, tukapata akili. Siku maji yalipoingia kwetu mimi nilitoka na vitu vitatu tu: mtoto, bahasha ya karatasi, na kitenge kimoja nitakachokieleza. Maji yalipotulia, mjomba wangu akachukua cheti cha kuzaliwa cha binti, akakipeleka kwa kijana wa fotokopi, kikavishwa plastiki nzito, kikang'aa. Alirudi nacho amekishika juu kama padri na hostia.

Notere akakigeuza, akakigongagonga kwa ukucha. "Mama, nitapiga kashe wapi? Juu ya plastiki?"

"Papa, si inaonekana vizuri?"

"Inaonekana. Lakini wino hautashika. Na nikiibandua, karatasi itakuja yote." Akavuta droo, akanionyesha rundo la karatasi za watu wengine, zote zimevishwa. "Mji muzima munaniletea sahani."

Ikabidi turudi komini, ofisi ya serikali ya mtaa, tukaombe nakala mpya. Karani akanakili kila neno kutoka kitabu cha zamani. Ndiyo nakala hiyo notere aliyoisoma polepole, kisha akaniuliza lile swali lake.

Hapo lazima nieleze mambo ya kwetu. Sisi ni watu wa milima ya Moba. Wazee wetu ni Wakristo wa tangu mapadri wa kwanza, Jumapili hawakosi misa, lakini mtu wetu akifa hatuachi jina lake lilale chini. Baada ya matanga, wazee wanakaa, wanachagua mtu wa ukoo, wanampa jina la marehemu, na tangu siku hiyo yeye ndiye. Watoto wa marehemu ni watoto wake. Wadogo wa marehemu wanamheshimu kama mkubwa wao. Si mchezo wa kuigiza. Mzee akimwona anamsalimu kwa jina lile, anamdai hata ahadi za zamani.

Dada alipokufa, mama yetu mzazi alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo kazi ile ilimwangukia mama mkubwa, dada ya mama yetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Mimi nilikuwa msichana tu, nimemaliza masomo mwaka uleule. Aliniketisha mkekani, akanipaka udongo mweupe kwenye paji la uso na kifuani, akanifunga kitenge cha dada kiunoni, kile chenye picha za ndege kanga wa buluu, akaniita kwa jina la dada mara kadhaa mpaka nikaitika. Kisha akanipakata mtoto. Nilikuwa nalia. Akanishika kidevu.

"Usilie. Mwenyewe umerudi. Muntu hajililii."

Nikanyamaza. Nilikuwa mtoto wa kutii, siku hizo. Habari za kuolewa na shemeji nilizikataa hapohapo, na yeye mwenyewe hakuzitaka, namshukuru kwa hilo. Lakini jina nililivaa. Shuleni na kwenye kadi ya uchaguzi nina jina langu la kuzaliwa. Nyumbani, kwa wazee, kwa mtoto, mimi ni dada.

Na huyo dada, lazima nimseme kidogo. Alikuwa anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, karibu na bandari. Alikuwa na mikono yenye harufu ya samaki mpaka siku ya ndoa yake, tukamcheka. Hakuwa na salamu. Nikirudi kutoka shuleni hata "habari" haniulizi, neno la kwanza ni lilelile: "Mudogo wangu, umekula?" Nikisema nimekula na sijala, anajua. Hata kitandani, alipokuwa hawezi kuinua kichwa, aliniuliza hivyo. Binti nilimlea kwa hadithi hiyo. Akikataa chakula nilimwambia, angekuwa mama yako wa kwanza ungeulizwa mpaka uchoke. Kwa hiyo msifikiri tulimficha. Alijua nani alimzaa na nani alimlea. Ni karatasi tu ambayo ilikuwa haijui.

Maana mtoto alipofika umri wa kuanza shule, mjomba ndiye aliyekwenda komini kumwandikisha. Karani akamwuliza jina la mama. Mjomba akataja jina la dada. Iko hai? Iko hai, iko nyumbani anapika. Anafanya kazi gani? Ni mwalimu. Alizaliwa wapi? Mjomba akataja kijiji alichozaliwa dada, kwa sababu mimi nilizaliwa hapa mjini. Hakusema uongo hata neno moja, mjomba wangu. Alijibu kama mtu yeyote wa ukoo wetu angejibu. Lakini ukisoma karatasi ile unakutana na mwanamke ambaye hajawahi kuonekana duniani: jina la mwuza ndagala, kazi ya mwalimu, yuko hai na anapika.

Siku iliyofuata nilimleta mjomba mwenyewe kwa notere, nikifikiri mtu mzima atamwelewesha. Mjomba akavua kofia, akaeleza vizuri sana. "Papa Notere, yule alikufa, huyu akasimama. Kwa hiyo mama ni huyu. Andika, atatia sahihi, tuondoke."

"Atatia sahihi kwa jina gani, Papa?"

"La mama ya mutoto!"

"Na kadi yake ina jina gani?"

Mjomba akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Notere hakuwa mtu mbaya. Nilitaka awe mbaya, ingenirahisishia kumchukia. Alivua miwani akasema taratibu, "Desturi naifahamu, Papa. Hata kwetu iko. Lakini ubalozi hawataona udongo mweupe. Wataona karatasi mbili zinagombana. Baba anaandika yeye ni mjane. Huku mama anatia sahihi. Unajua watasema nini? Watasema mutoto ameibiwa, na huyu mama njo mwizi."

"Mwizi!" Nilisimama, benchi likaanguka nyuma yangu. "Mimi niliyemvusha majini mgongoni? Mimi niliyekesha naye na surua? Aka! Papa, futa hilo neno!"

"Si mimi nasema, Mama. Nasema watakavyosema."

Binti akainua benchi. "Mama, kaa," akasema, kwa sauti ya chini. Nikakaa.

Notere akatuambia njia iliyobaki. Twende tribinali tukaombe hukumu mbili kwa pamoja: moja ya kusahihisha cheti cha kuzaliwa, nyingine ya kuandika kifo cha dada, kwa sababu kifo kile hakikuandikwa popote. Kule kijijini nani aliandika? Tulimzika, tukamwimbia, basi. Baada ya hapo mimi nitakuja kutia sahihi kwa jina langu, kama mama mdogo na mlezi. Jaji atataka shahidi mmoja aliyeona maziko kwa macho yake, na asiwe mimi ninayeomba. Mjomba hawezi, wakati ule alikuwa Kabalo kwenye kazi ya reli, alifika kaburi limeshafunikwa. Alibaki mmoja tu mwenye nguvu za kusafiri: mama mkubwa.

Nikampigia simu. Nikamweleza yote, na yeye akisikiliza nilikuwa nasikia kuku wake. Mwisho akauliza, "Unataka nikae mbele ya jaji, niseme muntu huyo alikufa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na weye umekaa pale, unanisikia?"

"Ndiyo."

"Niliamusha muntu kwa mikono yangu. Sasa unanituma nimuue?" Akakata simu. Nikapiga tena, hakushika. Nikapiga kesho yake, akashika mjukuu wake, akasema bibi amekwenda shambani, na nyuma nikamsikia bibi mwenyewe akimfundisha la kusema.

Siku zikapita. Shemeji alikuwa anapiga simu kila jioni, sauti imekauka. Mjomba akaanza kutafuta njia za kando, kuna mtu anamjua mtu. Nikamwambia akithubutu sitamsemesha tena maisha yangu yote, maana lile neno mwizi lilikuwa bado linaniwasha mwilini. Nilikuwa nimekata tamaa, ukweli ndio huo. Na nitasema jingine: kuna sehemu ndogo ya moyo wangu iliyofurahi. Mama mkubwa akikataa, binti haondoki. Nilikuwa napika, naweka sahani mbili mezani, nikijiambia labda Mungu mwenyewe ndiye anayekataa.

Aliyeliona hilo ni binti. Siku moja mchana nilimsikia chumbani anaongea na simu. Alikuwa amempata bibi yake.

"Bibi, baba yangu ana kovu hapa kwenye kidole, aliniambia. Sijawahi kulishika. Siombi uue muntu. Nataka tu nimushike baba yangu mukono."

Nilirudi jikoni kabla hajaniona. Nilijionea haya.

Mama mkubwa alifika kwa boti ya Moba, amelowa, amechafuliwa tumbo na mawimbi, analaani ziwa na wote walioliumba isipokuwa Mungu. Alileta maharagwe, unga, na jogoo aliyefungwa miguu. Hakuniambia neno juu ya tribinali. Alikula, akalala.

Asubuhi ya kesi nilikuwa nimeshavaa nguo yangu ya kazi, ile ya kuwatisha wakaguzi wa shule. Akaniita chumbani. Binti alikuwa amekaa pale mkekani.

"Leta kitenge."

Nikakitoa sandukuni. Kimepauka, kanga wale wa buluu wamekuwa wa kijivu, lakini kila Pasaka nilikuwa nakivaa. Akakipokea kwa mikono miwili, akakikunja, akakiweka kwenye mapaja yake, akakifunika kwa viganja. Akafumba macho, midomo ikacheza. Sijui alisema nini wala kwa nani. Kisha akanitazama, akaniita kwa jina langu.

Jina langu la kuzaliwa. Mdomoni mwake nilikuwa sijalisikia tangu siku ya matanga. Kwanza nilicheka, kwa sababu alilitamka vibaya, kama jina la mgeni.

"Leo weye ni weye tu," akasema. "Twende."

Nilitazama kile kitenge kilichokunjwa, nikajiuliza, sasa nani ameshika jina la dada? Hakuna. Hakuna mtu aliyelishika. Na hapo ndipo habari iliponifikia. Dada yangu amekufa. Alikufa miaka ile yote, na mimi sikumlilia hata siku moja, kwa kuwa niliambiwa mtu hajililii, nikaamini, nikabeba mtoto, nikafundisha, nikapika. Nililia mpaka kamasi zikatoka, mimi mwalimu mzima, na nguo yangu ya wakaguzi. "Mawee, yaya wangu! Yaya wangu!" Ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa. Binti akanishika begani, naye akaanza kulia kwa ajili ya mama ambaye hamkumbuki. Mama mkubwa hakutukataza. Aliketi tu na kitenge chake, akingoja tumalize, kama mtu anayengoja mvua ipungue.

Tulichelewa tribinali. Jaji alikuwa mwanaume mwenye kikohozi, akatuangalia macho yetu mekundu, akafungua faili letu.

"Shahidi, huyo mama alikufa?"

"Alikufa," mama mkubwa akasema kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde, mpaka watu wa barazani wakageuka. "Nilimuosha miye. Nilimufunga miye. Wanaume wakamushusha, nilikuwa nimesimama hapa, na kaburi hapa."

"Na huyu aliyekaa hapa ni nani?"

"Huyu ni mudogo wake." Akafikiri. "Leo."

"Leo? Na kesho?"

"Papa Jaji, karatasi yako ni ya leo ama ya kesho? Andika."

Jaji akakohoa, nadhani alikuwa anaficha kicheko, akaandika.

Hukumu zilipotoka, mjomba alinyoosha mkono kuzichukua. Nikamwona tayari anafikiria kwa kijana wa fotokopi, nikaziweka ndani ya blauzi yangu. Kwa notere nilitia sahihi kwa jina langu, mama mdogo, mlezi. Chini ya neno "mama" kwenye cheti kipya walikuwa wameandika jina la dada, na mbele yake "marehemu". Kazi: mwuza samaki. Nililisoma hilo neno la samaki mara nyingi, likanifurahisha. Dada alikuwa amerudishiwa kazi yake, na harufu yake pia.

Notere akapiga kashe, moja, nyingine, akapuliza wino. Akanipa mkononi. "Mama, musamaha kwa siku ile."

"Imepita, Papa," nikasema. Haikuwa imepita, lakini ilikuwa inapita.

Mwalimu mwenzangu aliyekuwa anapanda ndege kwenda Kinshasa akazichukua. Mama mkubwa alikuwa bado kwetu, anangoja ziwa litulie, na kitenge kilikuwa bado kimekunjwa kwenye kapu lake. Siku alipoanza kufunga mizigo aliniita tena.

"Jina haliwezi kulala inje. Kaa nikufunge."

Nilikuwa nimeshafikiri. Nilikuwa nimefikiri siku zote zile, nikisahihisha madaftari bila kuona nilichosahihisha. "Mfunge binti," nikasema. "Kama atakwenda, aende na mama yake."

Akaacha kufunga mizigo. "Unajua unachosema? Akilivaa, hatakuwa mutoto wako tena. Atakuwa mukubwa wako. Utamuita yaya."

"Najua."

"Na weye utabaki na nini?"

Niliumia, sitasema sikuumia. Karatasi ilikuwa imeshaniambia mimi si mama yake, nikalipinga neno hilo moyoni kwa sababu ya kitenge. Sasa nilikuwa nakitoa na kitenge. Lakini nilimwona binti katika nchi ile ya baridi, peke yake na baba asiyemjua, hana mtu wa kwetu ndani yake. Mimi nina mji, nina shule, nina mjomba wa kugombana naye. Nikarudia, "Mfunge."

Akampaka udongo mweupe. Binti alianza kwa kucheka kidogo, kisha akaacha. Alipoitwa kwa jina la mama yake aliitika mara ya kwanza, sauti wazi, wala hakungoja kuitwa tena kama mimi. Kile kitenge kilimzunguka mara mbili, mwembamba yule.

Baadaye, jikoni, nikajaribu. "Yaya," nikamwambia, "nipe chumvi." Akaniangalia, tukaangua kicheko wote wawili mpaka sufuria likafurika. Hakuweza kuniita vingine, alibaki na "Mama", na mama mkubwa alimkaripia bure mpaka siku boti yake iliposukumwa majini.

Jibu la ubalozi lilikuja sikukuu yake ikiwa imekaribia sana, hata nguo za kumpa zawadi nilikuwa nimeshazinunua. Dosie imekubaliwa. Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Afisa wa uhamiaji akafungua bahasha, akasoma, akanitazama. "Mama mudogo, mwisho wako ni hapa." Nilisema ndiyo, Papa. Binti akanikumbatia, akaniita Mama sikioni, na harufu ya sabuni yangu ilikuwa bado kwenye nywele zake. Alipopanda ngazi za ndege nilikiona kitenge kimetokeza kwenye mkoba wake. Nikarudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu, kwa kuwa sikutaka kufika.

Nilipika sahani moja. Kisha sikuila. Kesho yake pia nilienda shule na chai tu, watoto wakasoma kimya kuliko siku zote, labda waliona uso wangu. Jioni nilikuwa nimekaa kitandani na viatu miguuni, sina nguvu za kuvivua, simu ikalia. Namba ndefu, ya kule.

"Umefika?" nikauliza. "Baba umemwona? Umelishika kovu?"

"Nimelishika," akasema. Nyuma yake nilisikia mwanaume analia, ama anacheka, sikujua. Aliposema tena, sauti ilikuwa yake lakini imeshuka chini, imetulia kama ya mtu mzima.

"Mudogo wangu, umekula?"

Nikafumba macho. Nilimwambia nimekula.

"Hujakula," akasema. "Simama uweke chungu motoni. Nangojea hapa kwa simu."